Kuipangia safari ATR ya kwenye simuleta, Dar hadi Kilimanjaro

Wengi wanaopakua ATR 72-600 kwenye kompyuta zao huanza kwa kuwasha injini. Rafadha zikishashika kasi ndipo wanapogeukia kile kioo kidogo chenye vitufe vya herufi kilicho kati ya viti vya marubani, wanaandika kiwanja cha kuondokea na cha kufikia, kisha wanaruka. Dakika chache baadaye ndege inajikunja kuelekea baharini bila sababu inayoonekana, na lawama zote inabebeshwa programu. Mara nyingi programu haina kosa. Kompyuta ya safari, ambayo marubani huiita FMS, hutii ulichoandika hata kama ulikusudia kingine. Kubonyeza vitufe vyake utakuzoea jioni moja. Kazi yenyewe ni kuikagua.

Tutatumia safari moja kama mfano: kutoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. ATR si ngeni kwetu, maana Precision Air imezirusha kwa miaka mingi, na mtu akitaja "pangaboi" mtaani huenda anazungumzia hizo au Dash 8 Q400 za Air Tanzania. Kwenye Microsoft Flight Simulator zipo ATR 42-600 na 72-600. Wenye X-Plane wanaweza kununua Q400. Majina ya kurasa za FMS hutofautiana kati ya ndege na ndege, ila mtiririko wa kazi haubadiliki sana, kwa hiyo usikariri vitufe.

Kabla ya kugusa kioo, chukua karatasi. Mstari ulionyooka kutoka Dar hadi KIA una urefu wa takriban maili 243 za baharini, yaani karibu kilomita 450, na unaelekea kaskazini-magharibi, kama digrii 330 hivi. ATR hupita angani kwa noti 270 au zaidi kidogo, hivyo ukijumlisha kupanda na kushuka una safari ya kama saa moja. Andika namba hizo tatu: umbali, mwelekeo, muda. Ndizo zitakazokuumbua, au zitakazoiumbua kompyuta, baadaye.

Kimo nacho kina kanuni yake. Kwa utaratibu wa kimataifa, ndege inayoelekea upande wa magharibi wa dira, kuanzia digrii 180 hadi 359, hupewa vimo shufwa, na inayoelekea mashariki hupewa witiri. Sisi tunaelekea 330, kwa hiyo tuchague 180, ambayo ni futi 18,000. Dari ya ATR 72 ni futi 25,000, lakini kwa safari fupi namna hii hakuna faida ya kupanda mpaka huko. Utafika juu na papo hapo uanze kushuka.

Kama hutaki kutafuta njia mwenyewe, SimBrief itakutengenezea mpango mzima bure. Chagua aina ya ndege AT76, ambayo ndiyo alama ya ATR 72-600, taja viwanja viwili, nayo itakupa njia, mafuta, uzito na upepo. Programu nyingi siku hizi zinakuruhusu kuuvuta mpango huo moja kwa moja ndani ya ndege kwa kubofya mara moja. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuachana na kitufe hicho mpaka uweze kuandika njia nzima kwa mkono. Ukiuvuta ukiwa hujui kuuandika, siku mwongoza ndege akikubadilishia barabara ya kutulia ukiwa umebakiza maili 30 hutakuwa na la kufanya.

Sasa washa umeme wa ndege, injini ziache zimezima. Ukurasa wa kwanza wa kuangalia ni ule unaoonyesha toleo la data za usafiri wa anga. Data hizo hubadilishwa duniani kote kila baada ya siku 28, na kila toleo lina tarehe yake ya kuanza na ya kuisha. Kwenye simuleta si dhambi kutumia toleo la zamani. Tatizo huja ramani zako zikiwa za toleo moja na ndege ikiwa ya jingine: utatafuta nukta iliyoandikwa kwenye ramani, FMS itakujibu haipo, nawe utadhani umekosea tahajia.

Pili, angalia ndege inajiona iko wapi. Ukiwa umeegesha Dar, kioo kinapaswa kuonyesha takriban digrii 6 na dakika 52 kusini, digrii 39 na dakika 12 mashariki. Kwenye ATR kazi hiyo hufanywa na GPS na wewe unahakiki tu, lakini uhakiki huo usiupuuze. Machi 10, 2015, Airbus A330 ya AirAsia X ilikuwa Sydney ikijiandaa kwenda Kuala Lumpur. Rubani aliingiza mahali ndege ilipo kwa mkono, na badala ya 15109.8 mashariki akaandika 01519.8. Kwa hesabu ya kompyuta, ndege ikawa imeegeshwa baharini, magharibi ya Cape Town, zaidi ya kilomita 11,000 kutoka ilipokuwa. Walipopaa mifumo ikaanza kuchanganyikiwa mmoja baada ya mwingine, hali ya hewa ikawazuia kurudi Sydney, na safari ikaishia Melbourne. Abiria wote walikuwa salama. Tarakimu zilikuwa karibu zile zile, zimekaa tu mahali pasipo pake.

Tatu ni viwanja. FMS haielewi zile herufi tatu zinazoandikwa kwenye tiketi, kama DAR na JRO. Inataka herufi nne za shirika la kimataifa la usafiri wa anga: HTDA kwa Dar, HTKJ kwa Kilimanjaro. Zina mpangilio: H ni eneo letu, herufi ya pili ni nchi. Zanzibar ni HTZA, Nairobi ni HKJK, Entebbe ni HUEN, Kigali ni HRYR, Bujumbura ni HBBA. Ukivuka kwenda Goma unaingia eneo jingine, FZNA, na Muscat ni OOMS. Arusha mjini ni HTAR, kwa hiyo anayekwenda KIA akakisia herufi za kiwanja atajikuta anashuka kwenye uwanja mwingine wenye barabara fupi zaidi.

Unapoandika HTDA/HTKJ, maneno hayo hayaendi mahali pake moja kwa moja. Yanatua kwanza kwenye mstari wa chini kabisa wa kioo, kama karatasi ya rasimu, na hapo unaweza kuyafuta. Ndipo unabonyeza kitufe cha pembeni kilicho mkabala na nafasi unayotaka kuijaza, nayo yanaruka juu. Anayeanza hubonyeza kitufe cha pembeni kwanza, akaona hakuna kitu, akabonyeza tena. Zoea mpangilio huu: andika, soma ulichoandika, kisha ndipo uweke.

Baada ya viwanja ndipo inapokuja njia. Chagua barabara ya kurukia kulingana na upepo. Barabara kuu ya Dar ni 05 na 23, na upepo wa bahari ndio huamua mara nyingi. Ongeza utaratibu wa kuondoka kama upo, kisha nukta za katikati moja moja au jina la njia ya angani pamoja na nukta ya kutokea, kisha utaratibu wa kufika na wa kutua. Hapo utakutana na kitu kinachowasumbua wengi: pengo. Kati ya nukta ya mwisho ya njia na nukta ya kwanza ya kufika, kioo kitaandika kwamba njia imekatika. Mapengo mengine yanafaa kuzibwa, kwa kufuta mstari ule ili nukta mbili ziungane. Mengine yamewekwa makusudi, kwa sababu utaratibu unataka usubiri mwongoza ndege akuelekeze. Soma ramani kabla ya kufuta. Ukiliacha pengo lisilofaa, otopailoti ikifika pale hushika mwelekeo wa mwisho iliokuwa nao na kusonga mbele kama haikuambiwa kitu.

Hapa ndipo karatasi yako inapolipa. Fungua ukurasa wa njia, pitia mguu mmoja baada ya mwingine, yaani kila kipande kati ya nukta na nukta, ulinganishe umbali na mwelekeo wa kila mguu na ulichoandika. Jumla ikiwa maili 250 au 260, sawa, kwa sababu taratibu za kuondoka na kufika huongeza mizunguko. Ikiwa 900, kuna nukta moja imetoka bara jingine. Hilo hutokea kwa sababu majina ya nukta na ya vituo vya redio hurudiwa duniani, na FMS ikipata majina yanayolingana hukuletea orodha uchague.

Ajali ya Cali, Colombia, ya Desemba 20, 1995, ilianzia kwenye orodha kama hiyo. Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa inashuka usiku kwenye bonde lenye milima pande zote mbili. Marubani walikubali kutua moja kwa moja kwa barabara tofauti na waliyoipanga, wakawa na haraka. Walitaka kwenda kwenye kituo cha redio cha Rozo, ambacho kwenye ramani kiliandikwa kwa herufi R. Wakaandika R, wakachagua cha kwanza kwenye orodha. Kile kilikuwa Romeo, karibu na Bogotá, zaidi ya maili 100 kutoka pale. Rozo kwenye data ilihifadhiwa kwa jina lake kamili. Ndege ikageuka kushoto kuelekea mashariki, na hadi walipogundua walikuwa wameshaingia milimani. Kati ya watu 163 waliokuwemo walipona wanne. Mwelekeo wa mguu ule, kama ungesomwa kabla ya kuthibitishwa, ungeonyesha upande ambao hakuna kiwanja.

Mafuta hayana mengi. Piga hesabu ya kilo 700 hivi kwa saa, ongeza ya kufika kiwanja mbadala, tuseme Nairobi, ongeza ya dakika 30 za akiba ya mwisho. Utavuka kilo 1,500. Hakikisha kioo kinasoma kilo, kisiwe kinasoma pauni.

Ukisharuka na otopailoti ikawaka, angalia chanzo cha mwongozo kwenye skrini yako kinasema FMS. Kikiwa kimebaki kwenye kituo cha redio, mpango wako mzuri wote utakaa pembeni ukitazamwa tu. Kumbuka pia ATR haina mfumo wa kujirekebishia nguvu za injini. Kompyuta itakuonyesha mahali pa kuanzia kushuka, lakini kurudisha mikono ya injini ni kazi yako, na kitasa cha PWR MGT ni wewe wa kukisogeza kutoka kupaa hadi kupanda, na kutoka kupanda hadi safari.

Katika hali ya hewa safi utaona Usambara na Upare zikipita kulia, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, upande huo huo. Kama viko kushoto, kuna kitu hakipo sawa. Kushuka kwenyewe kunapangwa kwa maili tatu kwa kila futi 1,000: KIA iko karibu futi 2,900 juu ya bahari, una futi 15,000 za kupoteza, anza kushuka ukiwa na maili 45, uongeze tano za kupunguza mwendo. Namba ya FMS ikipishana mno na hiyo, tafuta kwanza kimo ulichokiandika vibaya.

Na hapa kuna jambo la kulizingatia zaidi kuliko yote ya safari hii. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895, futi 19,341, kwa hiyo hata ukiwa kwenye kimo chako cha safari mlima unakuzidi. Uko kama kilomita 50 kaskazini-mashariki ya kiwanja, na Meru iko karibu kilomita 40 upande wa magharibi-kaskazini-magharibi. Ukipita juu ya kiwanja ukaendelea na ile digrii 330, unaelekea kwenye uwazi ulio kati ya milima miwili. Kwa hiyo utaratibu wa kughairi kutua usiuache uje wenyewe mwishoni mwa mpango. Ufungue ukiwa bado Dar, uusome, uone ndege itageukia wapi na itapanda hadi futi ngapi.

Ukitua salama na ukataka kurudi, usigeuze tu mpango wa kwenda. Kimo kitakuwa witiri, 190 kwa mfano, njia za kuondoka KIA ni zake, na Dar utaingia kwa utaratibu wake wa kufika. Futa, anza na karatasi mpya.