Kubadilisha Mfumo wa Kompyuta ya Kikundi Bila Kupoteza Vitabu

Somo la toleo hili linahusu kompyuta, na tunaomba hata wale ambao hawajawahi kuigusa walisikilize likisomwa mpaka mwisho, kwa maana pesa zao zimo ndani yake.

Vikundi vingi vya Kericho na Bomet siku hizi vina kompyuta moja, mara nyingi ya mtumba au ya kupewa. Humo ndimo katibu anaandika hisa, mikopo, riba na faini. Wengine huandika pia kilo za majani ya chai au lita za maziwa. Tangu mwisho wa mwaka 2025, baadhi ya mashine hizo zimekuwa zikitoa tangazo kwenye skrini kwamba Windows 10 haihudumiwi tena. Wanachama wanauliza: Je, kompyuta itazimika? Tununue nyingine? Na yule kijana wa mjini anayesema atatuwekea mpya kwa nusu saa, tumkubali?

Kompyuta haitazimika. Lakini tuelewe kwanza jambo lenyewe.

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiamsha ukiiwasha, inayopanga faili, na kuziwezesha programu nyingine kama ile ya hesabu au ya barua zifanye kazi. Kwa wengi wetu mfumo huo ni Windows wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Windows hutoka kwa matoleo, na kila toleo lina siku yake ya mwisho wa kuhudumiwa. Windows XP ilifika mwisho Aprili 8, 2014. Windows 7 ikafuata Januari 14, 2020. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilifika mwisho Oktoba 14, 2025, katika mwezi ambao wakulima wetu wa chai huwa wanasubiri bonasi. Ile inayoifuata, Windows 11, ilitoka Oktoba 2021.

Sasa, kwisha huduma ni nini? Fikiria ua wa shamba la mahindi. Ng'ombe hutafuta mahali pa kupenya, na kila wakipata, mwenye shamba hutia kijiti. Siku akiacha kutia vijiti ua hauanguki. Unaonekana vile vile. Lakini matundu hayazibwi tena, na ng'ombe wanajua. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja katika Windows. Mei 12 mwaka huo huo, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilo, kikafunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo ili zifunguliwe. Hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha wagonjwa. Wale waliokuwa wametia kiraka katika ile miezi miwili hawakuguswa. Msiseme haya ni ya wazungu tu. Kirusi hakiulizi kama kompyuta iko London au iko Silibwet.

Kwa hivyo kubadilisha kunafaa. Swali ni namna.

KITABU KWANZA, MASHINE BAADAYE

Mashine hununuliwa. Rekodi za miaka sita za nani amekopa na nani amelipa haziuzwi katika duka lolote. Tunamjua fundi mmoja aliyeitwa na kikundi cha akina mama, akafuta diski yote na kuweka Windows mpya, safi kabisa. Mashine ikawa na mbio kweli kweli, hata wakapiga makofi. Kumbe daftari la mikopo lilikuwa humo humo kwenye diski, na nakala nyingine haikuwepo. Walirudia hesabu kwa kusoma ujumbe wa M-Pesa katika simu za wanachama, mmoja mmoja. Waliokuwa wamelipa taslimu hawakuwa na cha kuonyesha. Mikutano mitatu ilikwenda kwa mabishano, na wanachama wawili wakatoka. Hakuna aliyeiba hata shilingi, lakini kutoaminiana kuliingia, na hiyo ni hasara kubwa kuliko bei ya kompyuta.

Basi kabla fundi hajagusa kitu, tengenezeni nakala. Nakili faili zote za kikundi katika flashi mbili au diski ya nje pamoja na flashi. Moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina, si katika nyumba moja. Halafu fanyeni jambo ambalo watu husahau: chukueni flashi hiyo mkaifungue katika kompyuta nyingine, pale saiba au shuleni, muone kama daftari linafunguka na jumla ni ile ile. Nakala ambayo haijafunguliwa si nakala, ni tumaini tu. Msiangalie tu sehemu ya nyaraka. Makatibu wengi huweka faili juu ya skrini, wengine katika sehemu ya vitu vilivyopakuliwa, na programu nyingine za hesabu huficha daftari lao ndani ya folda zao zenyewe. Programu hizo huwa na kitufe chao cha kutoa nakala. Tumieni hicho.

Mwisho, chapisheni karatasi moja ya salio la kila mwanachama, isomwe katika mkutano, itiwe sahihi na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na tarehe iandikwe. Karatasi haihitaji stima.

NI BARUA PEPE YA NANI?

Hapa tunaomba mkae kidogo, kwa sababu ndipo vikundi vingi hunaswa bila kujua.

Kompyuta za siku hizi, hasa zile zilizokuja na Windows 11, hufunga diski kwa siri kabisa. Kwa kawaida huoni kitu. Lakini baada ya mabadiliko fulani makubwa ndani ya mashine, inaweza kuwaka asubuhi moja na kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya yule aliyeisajili kompyuta mara ya kwanza. Sasa ni nani huyo? Pengine ni katibu wa zamani aliyekwenda kufanya kazi Qatar. Pengine ni mtoto wa mweka hazina, au fundi mwenyewe, ambaye alitumia barua pepe yake ili amalize haraka. Bila ufunguo huo hakuna fundi wa Kericho wala wa Nairobi atakayefungua diski hiyo.

Kwa hivyo kikundi kiwe na barua pepe yake chenyewe, isiyo ya mtu. Paswadi iandikwe, itiwe katika bahasha, na bahasha iwekwe pale mnapoweka cheti cha usajili. Ingieni katika akaunti hiyo, mtafute ule ufunguo, muunakili kwa mkono tarakimu zote 48, muutie katika bahasha ile ile. Uongozi ukibadilika, bahasha inakabidhiwa pamoja na muhuri.

JE, MASHINE YENU INAWEZA?

Si kila kompyuta inaweza kubeba Windows 11. Microsoft inataka memori ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa aina ya Intel ni ya kizazi cha 8 au baadaye, yaani kwa jumla mashine za kuanzia mwaka 2018 hivi. Microsoft wana programu ya bure, PC Health Check, inayopima na kuwaambia ndiyo au la. Ikisema la kwa sababu ya TPM tu, msikate tamaa mapema: katika mashine nyingi kichipu kipo ila kimezimwa, na fundi anaweza kukiwasha. Kuhusu memori, sisi tunaona GB 4 ni kama kupanda kwenda Londiani na gari lililojaa magunia. Linafika, lakini utachoka. GB 8 ndiyo inafaa. Na kama diski yenu ni ile ya zamani inayozunguka, kuibadilisha kwa SSD kutaipa mashine nguvu kuliko kitu kingine chochote mtakachonunua.

Ikiwa mashine haiwezi, kuna njia mbili kabla ya kununua nyingine. Microsoft ilitangaza mpango wa kuendelea kuipa Windows 10 viraka vya usalama hadi Oktoba 13, 2026 kwa watu binafsi wanaojiandikisha. Huo ni muda wa kupumua tu. Njia ya pili ni kuacha Windows na kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure na halali, na huridhika na memori ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora. Huja na LibreOffice, inayofungua faili nyingi za Excel bila shida. Wapo wanaodhani vitu vya bure ni vya ovyo. LibreOffice ilitokana na OpenOffice, ile ile ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliigeuza ikasema Kiswahili mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice.

Uzuri wa Linux Mint ni kwamba unaweza kuionja. Inawashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Fungueni daftari lenu humo, jaribuni printa, jaribuni modemu. Kama daftari lina hesabu zinazojiendesha kwa vitufe maalum, hapo ndipo huenda likagoma, na ni heri kujua kabla.

SIKU YENYEWE

Chagueni siku isiyo na mkutano wala malipo, na isiwe wakati wa bonasi ambapo kila mtu analipa mkopo. Anzeni asubuhi. Sisi wa nchi ya chai tunajua ngurumo na mvua ya mawe ya alasiri, na tunajua stima inavyofuata. Kazi hii ikikatizwa katikati, mfumo unaweza kuharibika usiamke tena. Laptopu iwe na betri nzima na iwe imechomekwa. Kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme ni afadhali ipelekwe mahali penye jenereta au sola. Angalieni pia matangazo ya Kenya Power ya kukatizwa kwa stima.

Windows 11 ni zaidi ya GB 5 kuipakua. Bando la simu litakwisha. Ipakuliwe mjini na kuwekwa katika flashi ya GB 8 au zaidi. Na sikieni vizuri: flashi inayotengenezwa kwa kazi hiyo hufutwa yote. Isiwe ile yenye nakala ya daftari!

YANAYOTOKEA BAADAYE

Mashine itajizima na kujiwasha mara kadhaa. Asilimia zinaweza kukwama mahali kwa muda mrefu. Kama taa ya diski inamweka, acheni. Msibonyeze kitufe cha kuzima kwa haraka ya kwenda kukama.

Ikikataa kabla ya kuanza, sababu ya kawaida ni diski kujaa. Hamisheni video za harusi kwanza. Ikiwa mlikuwa na Windows 7, hamwezi kupanda moja kwa moja mpaka 11 na faili zikabaki. Ni kuweka upya kabisa, na ndiyo maana nakala si hiari.

Printa ikinyamaza, shida mara nyingi ni draiva, yaani programu ndogo inayoitafsiria kompyuta lugha ya printa. Tafuteni ile ya toleo jipya katika tovuti ya waliotengeneza printa hiyo, si popote pengine. Katibu akilia kwamba faili zimepotea, tulieni. Huenda zimehamia ndani ya folda ya OneDrive, au mmeingia kwa jina jingine la mtumiaji, au ziko katika folda iitwayo Windows.old. Folda hiyo hujifuta baada ya siku 10, na siku hizo 10 ndizo pia mlizo nazo za kurudi Windows 10 mkiona mambo hayaendi, kupitia mahali pa mipangilio pameandikwa "Recovery". Kwa hivyo katika siku hizo jaribuni kila kitu: chapisheni taarifa, wekeni malipo ya majaribio, linganisheni jumla na ile karatasi yenye sahihi tatu. Bando likianza kuisha bila sababu, ni kompyuta inapakua viraka. Iambieni katika mipangilio kwamba intaneti hiyo ni ya kupimwa, na viraka vichukuliwe mkiwa penye intaneti ya bei nafuu.

Fundi akiwaambia ana Windows ya bure na kidude cha kuifungulia, kataeni. Ni wizi, na pia vidude hivyo mara nyingi hubeba virusi vya kuiba paswadi. Muulizeni mbele ya kikundi: leseni ni ya nani, na umeandika barua pepe gani?

Mkinunua mashine mpya na kuuza ya zamani, kumbukeni kwamba diski bado ina majina, nambari za vitambulisho na simu za wanachama, na kwamba Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kutupa faili katika pipa la kwenye skrini hakuzifuti. Fundi aifute diski kwa programu ya kazi hiyo wawili wenu mkiwapo, au itolewe, mashine iuzwe bila diski, na diski iwekwe katika sanduku la kikundi lenye kufuli tatu.