SOMO: TUWAKUMBUKE WALIOKESHA WAKILINDA UHURU



Kila tarehe 9 Desemba tunasherehekea Uhuru. Siku hiyo mwaka 1961 Tanganyika ilijitawala, na Mwenge ukawashwa juu ya mlima Kilimanjaro. Hapa Rungwa ngoma hupigwa, watoto huimba, watu hula na kufurahi. Ni vizuri. Lakini wale waliokwenda vitani wako wapi siku hiyo?

Swali hili lilizuka darasani kwetu. Mama mmoja alisema, "Mwalimu, mume wangu alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Sikukuu ikija, yeye hukaa nyuma kabisa chini ya mti. Hakuna anayemwuliza neno."

Baba mmoja akamjibu, "Pole, mama. Lakini Uhuru wetu haukuletwa kwa bunduki. Tena mashujaa wana siku yao, tarehe 25 Julai. Tusichanganye mambo."

Darasa likagawanyika. Haya, tulitazame jambo hili polepole.

UHURU ULIPATIKANAJE?

Ni kweli, TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na ilidai Uhuru kwa mikutano na hoja. Lakini damu ilikuwa imekwisha kumwagika zamani. Toka mwaka 1905 mpaka 1907 watu wa kusini walipigana na Wajerumani katika vita vya Majimaji. Wengi walikufa kwa risasi. Walio wengi zaidi walikufa kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma vyakula vyao. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa walinyongwa pale Songea. Hao hawakuuona Uhuru.

UHURU ULILINDWAJE?

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Kagera. Yaliua watu, yakapora ng'ombe, yakabomoa daraja la Kyaka. Amin akatangaza kwamba sehemu ile ni yake. Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi kwamba tutampiga.

Wanajeshi peke yao hawakutosha. Mgambo wakaitwa kutoka vijijini, watu wa jembe kama sisi. Waliobaki nyumbani walichanga ng'ombe na nafaka. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na Amin akakimbia. Lakini wengine hawakurudi. Wengi wao wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba. Na wenzao waliokufa wakisaidia ukombozi wa Msumbiji wamezikwa Naliendele, Mtwara.

Sasa mfikirie shamba. Sisi tunaokaa kando ya pori la akiba tunajua. Unaweza kulima vizuri na kupalilia vizuri. Usipolinda, wanyama watalimaliza kwa usiku mmoja. Je, siku ya mavuno tumshukuru aliyelima tu? Na yule aliyekesha juu ya dungu, kwenye baridi na mbu, tumsahau?

Wote wawili wametulisha.

KUNA HATARI GANI?

Tufanye hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa mwaka gani? Toa 20 katika 1978. Jibu ni 1958. Huyo sasa ni mzee. Kila mwaka wazee hawa wanapungua, na habari zao zinakwenda nao kaburini.

Majina ya makamanda yameandikwa vitabuni. Jina la mgambo wa kijijini nani ataliandika? Ni wewe, ndugu, uliyemaliza kisomo. Usingoje mtu atoke Dodoma.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuwe na daftari la kijiji. Tuandike jina, mwaka aliokwenda, mahali alipopigana, na kama alirudi. Wajane waulizwe pia.

Pili, tuulize kwa adabu. Usimlazimishe mtu. Mzee mmoja niliyemwendea alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akataja majina mawili ya wenzake waliokufa, akaniambia, "Andika hayo, mwanangu. Langu liache." Niliandika hayo mawili.

Tatu, siku ya sikukuu wazee hao na wajane wakae mbele. Majina ya waliokufa yasomwe kabla ngoma haijaanza, watu wakiwa wamesimama kimya.

Nne, tusaidie kwa mikono. Mzee hawezi kupalilia? Twende tukapalilie. Ana barua au fomu asiyoweza kuisoma? Msomee, mjazie. Shukrani ya mdomo tu haiondoi magugu shambani.

Mnataka kujua darasa letu liliamuaje? Yule baba hakuacha msimamo wake kuhusu 25 Julai. Mwisho tulikubaliana majina yasomwe siku zote mbili. Na yeye ndiye aliyenunua daftari.

MANENO YA KUKUMBUKA

Dungu: jukwaa la miti la kulindia shamba.
Mgambo: raia aliyefunzwa kulinda nchi.
Kuvamia: kuingia kwa nguvu mahali pa mwingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mgambo waliitwa mwaka 1978?
2. Je, unakubaliana na yule mama au yule baba? Toa sababu.
3. Katika kijiji chako ni nani waliokwenda vitani? Nani hawakurudi?

ZOEZI

Mwendee mzee mmoja wiki hii. Andika sentensi tano alizokuambia. Kisha msomee, akusahihishe.