Mradi wa mto umefika kijijini: pesa ni za nani, na wewe udai nini?

Kama unaishi Ngara, Kirehe au Muyinga, karibu na mto Kagera, huenda umeliona bango la mradi lenye nembo nne tano chini yake: ngao za serikali, Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika. Watu hulitazama wakasema, "Hiyo pesa ya wazungu," kisha wakaenda zao. Ukiamini hivyo utanyamaza pale unapotakiwa kuuliza, kwa sababu huenda sehemu kubwa ya pesa hiyo wewe na wanao mtailipa.

Kwanza, kwa nini wafadhili wanajali mto wetu? Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo hutokea Jinja, Uganda, yakaanza safari ya Nile. Eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye mto mmoja ndilo huitwa bonde la mto. Nchi ya juu ikizuia maji peke yake, ya chini inalalamika. Benki ya Dunia, kwa kawaida, haikopeshi mradi wa mto unaovuka mipaka mpaka nchi nyingine za mto huo zijulishwe. Kwa hiyo nchi zinalazimika kukaa meza moja kabla hata ya kuomba senti.

Meza hiyo ilitengenezwa Dar es Salaam. Tarehe 22 Februari 1999 mawaziri wa maji wa nchi za Nile walianzisha ushirikiano unaojulikana kama NBI, wenye makao yake Entebbe. Ofisi yake inayoshughulikia miradi ya nchi za maziwa, ikiwemo ya Kagera, iko Kigali. Kati ya 2003 na 2015 wafadhili waliweka zaidi ya dola milioni 200 kwenye mfuko mmoja uliosimamiwa na Benki ya Dunia. Pesa hiyo ililipia zaidi tafiti, mafunzo, vipimo vya maji na maandalizi ya miradi. Ndiyo maana miaka mingi ilipita watu wakisikia semina tu. Semina nyingine zilistahili lawama, lakini bila zile tafiti hakuna benki ambayo ingetoa mkopo wa kujenga.

Je, ni msaada au ni mkopo? Hili ndilo swali la kuuliza mapema. Ruzuku hairudishwi. Mkopo wa masharti nafuu, yaani wenye riba ndogo na muda mrefu wa kulipa, hurudishwa na serikali kutoka kodi. Chukua umeme wa maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa ajili ya mtambo wa megawati 80, unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, kila nchi ikichukua theluthi moja ya umeme. Burundi ilipewa sehemu yake kama ruzuku, Tanzania ilikopa. Njia za kusafirisha umeme zilifadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mradi ni mmoja, lakini wanaolipa na namna wanavyolipa ni tofauti.

Wakazi wa Rusumo walinufaika na jambo ambalo halitangazwi sana. Mpango wa awali ulikuwa na bwawa ambalo lingefunika mashamba mengi ya bondeni. Mchoro ulibadilishwa, mtambo ukatumia maji yanavyopita bila kuyalimbikiza kwa wingi, hata kama umeme ungepungua. Kumbuka hilo ukiambiwa kwamba mchoro wa mhandisi haugusiki.

Sasa, mtathmini akija shambani kwako ufanye nini? Mtathmini ni mtu anayepima thamani ya ardhi, nyumba na mimea. Uwepo mwenyewe siku hiyo, pamoja na mwenzi wako na kiongozi wa kijiji. Hakikisha kila mgomba na kila mbuni umehesabiwa, na usisaini fomu yenye nafasi tupu. Omba nakala au piga picha kwa simu. Kazi yake inalipiwa na mradi. Wewe hulipi hata nauli yake. Akija kishoka akitaka "ya soda" ili jina lako liingie kwenye orodha, mpeleke kwa mtendaji wa kijiji. Kwa Tanzania sheria inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na ikichelewa zaidi ya miezi sita unastahili riba. Kanuni za Benki ya Dunia zinaongeza kwamba ulipwe kabla hujaondolewa. Fungua akaunti ya benki mapema, na kama shamba ni la familia, majina ya wote wawili yawepo.

Na usiyehamishwa unapata nini? Uliza kama mradi una fungu la maendeleo ya jirani. Rusumo lilikuwepo, dola milioni 5 kwa kila nchi, kwa ajili ya huduma kama shule, zahanati na maji katika maeneo yanayozunguka mradi. Kwa Tanzania fungu la namna hii hupitia halmashauri, na uamuzi wa nini kijengwe hutokana na vikao. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Nenda, uliza kiasi, mkandarasi ni nani, na kazi itakwisha lini. Kuhudhuria ni bure, ingawa najua kunakula siku ya palizi.

Ukinyimwa majibu, andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa Tanzania, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba nyaraka. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Kama jambo linahusu maji yenyewe, mathalani kibali cha kumwagilia au mtu anayelima ndani ya mita 60 kutoka ukingo, mlango wako ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza.

Malalamiko je? Anza na kamati ya malalamiko ya mradi, kijijini au ofisi ya mkandarasi, na udai namba ya kumbukumbu. Isiposaidia, andikia ofisi ya Benki ya Dunia nchini kwako. Ukishindwa hapo pia, lipo Jopo la Ukaguzi la benki hiyo, huko Washington, ambalo liliundwa 1993 na halipokei amri za wasimamizi wa mikopo. Wanaolalamika lazima wawe wawili au zaidi, wanaoishi eneo la mradi. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili au Kinyarwanda, haihitaji wakili, haina ada, na mnaweza kuomba majina yenu yafichwe. Elezeni madhara mliyoyapata na nani mlishamwambia. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ina chombo chake cha namna hiyo.

Angalieni tarehe. Jopo hupokea malalamiko hadi miezi 15 baada ya mkopo kufungwa, na tarehe ya kufungwa si siku ya kukata utepe. Kila mradi una ukurasa wake kwenye tovuti ya benki, na tarehe hiyo imeandikwa humo. Mwombeni mwalimu au kijana mwenye intaneti awasomee, muinakili pembeni ya namba ya mradi, kisha muihifadhi pamoja na nakala za fomu za tathmini.