Gitaa la Safari: Uteuzi wa Vifaa vya Mazoezi kwa Mwalimu Mwanafunzi

Kila mara mazoezi ya kufundisha yakaribiapo, wanachuo wachache wapigao gitaa hutujia na swali lile lile: wabebe nini? Swali hili si dogo. Yupo mwanachuo aliyezoea gitaa la chuo, ambaye huliacha ukumbini akaenda kijijini mikono mitupu. Arudipo baada ya wiki kadhaa, ncha za vidole zimelainika na mkono umesahau njia. Yupo pia abebaye kila kitu, na nusu ya mzigo wake hautumiki. Katika makala haya tunakusudia kumsaidia mwanachuo achague kwa kuzingatia kazi mbili zinazomngoja huko: kufundisha nyimbo mchana, na kujizoeza mwenyewe jioni.

Tuanze na gitaa lenyewe. Madukani mna magitaa ya umeme pamoja na vipaza sauti vidogo vya kuchomekwa kwenye gitaa na kusikilizwa kwa hedifoni. Kimojawapo, amPlug ya kampuni ya Vox, huenea mfukoni. Kwa mpigaji alalaye hotelini hicho ni kifaa cha maana, kwani aweza kujizoeza usiku wa manane asimwamshe mtu. Lakini hedifoni husikiwa na mtu mmoja, na gitaa la umeme lisipounganishwa na kipaza sauti halisikiki vema hata dawati la pili. Kwa hiyo twashauri gitaa kavu. Jean Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga gitaa la namna hiyo, besi na sauti za juu zikitoka katika mkono mmoja. Atakaye kujua chombo hiki chaweza kubeba nini bila umeme, na asikilize rekodi hizo.

Gitaa kamili la nyuzi za nailoni lina urefu wa milimita 650 hivi kutoka kichwani mwa shingo mpaka darajani, yaani ile sehemu ya uzi inayotikisika. Lile la robo tatu, ambalo wengi hulidharau kuwa la watoto, lina milimita 580 hivi. Katika basi lililojaa, tofauti hiyo pamoja na udogo wa sanduku lake ni nafuu kubwa, kwa sababu gitaa dogo hupakatwa. Upungufu wake ni kwamba nyuzi hulegea kidogo na sauti nene hukosa nguvu. Kwa darasa la nyimbo upungufu huo twauvumilia.

Nailoni twaipendelea kuliko chuma kwa ajili ya vidole vya anayeanza, na pia kwa ajili ya safari. Nyuzi sita za nailoni huvuta daraja kwa nguvu ya takriban kilo 40. Za chuma hukaribia kilo 70. Kamwe zisifungwe nyuzi za chuma kwenye gitaa lililoundwa kwa nailoni, hata kama ndizo pekee zilizopo dukani. Jambo hili twalisema kwa uchungu. Tulipokuwa wanachuo tulifanya kosa hilo, kisha tukakubali gitaa lipandishwe juu ya basi, nyuzi zikiwa zimekazwa. Jua la siku nzima lililainisha gundi. Tulipofungua mfuko jioni, daraja lilikuwa limebanduka na kuning'inia kwenye nyuzi. Watoto walikuwa wamekwisha kuahidiwa gitaa, nasi tulisimama mbele yao na kijiti cha kupigia meza.

Kifaa cha pili ni cha kulinganishia sauti. Programu ya simu hufanya kazi hiyo kwa usahihi, na aliye nayo aitumie. Hata hivyo twamsihi mwanachuo awe na uma wa sauti, yaani kile kichuma cha meno mawili chenye mtetemo wa 440 kwa sekunde. Hauhitaji chaji, na hulazimisha sikio kufanya kazi. Gonga uma gotini, simamisha mpini wake juu ya sanduku la gitaa. Kisha bonyeza uzi wa kwanza kwenye freti ya tano na uupige. Sauti hizo mbili zikigombana, utasikia mawimbi yakienda na kurudi. Kaza au legeza mpaka mawimbi yatulie. Kutoka hapo, uzi wa pili kwenye freti ya tano hulingana na wa kwanza ulio wazi, wa tatu kwenye freti ya nne hulingana na wa pili, na zilizobaki zote hulinganishwa kwenye freti ya tano. Mwalimu ajizoezaye hivyo kila jioni hupata sikio litakalomtambua mtoto anayeimba chini ya sauti ya wenzake.

Kepo nayo isiachwe. Mwalimu mwanamume huanzisha wimbo pale panapomfaa yeye, na watoto hubaki wakinguruma. Akibana kepo kwenye freti ya pili na kupiga maumbo yale yale ya C, wimbo hupanda mpaka D. Kwenye freti ya nne, mpaka E. Asiye na fedha atumie penseli iliyokazwa juu ya nyuzi kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Shingo ya gitaa la nailoni kwa kawaida ni bapa, hivyo penseli hukaa vizuri.

Mengine ni madogo. Seti moja ya nyuzi za akiba yatosha, na uzi wa nne wa ziada, ambao mara nyingi ndio hutangulia kukatika. Nyuzi mpya zifungwe wiki moja kabla ya safari, maana nailoni huendelea kunyumbuka kwa siku kadhaa. Kwa mazoezi ya usiku, kunja kitambaa ukipitishe chini ya nyuzi karibu na daraja: vidole vitafanya kazi yote, na mwenzako wa chumbani ataendelea kulala. Siku ya kuondoka, legeza kila uzi kidogo, funga gitaa ndani ya mfuko wenye sponji, na kondakta akinyoosha mkono alipokee alipandishe juu, mwambie utalipakata.