MKOPO USIOUKOPA: JINSI YA KUUKANUSHA KABLA HAUJAWA DENI LAKO

Mfanyabiashara anayepeleka maombi ya mkopo wa kununua mzigo wa msimu wa sikukuu kwa kawaida hutegemea majibu ya aina mbili: amekubaliwa, au dhamana yake haitoshi. Siku hizi lipo jibu la tatu. Anaambiwa kwamba anadaiwa mkopo mwingine ambao haujalipwa, wakati yeye hajawahi kukopa. Jina lake limetumiwa na mtu mwingine.

Zamani jambo hili lilikuwa gumu kufanyika. Hata baada ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991 kufungua mlango kwa mabenki binafsi, mkopaji alilazimika kwenda mwenyewe tawini, kujaza fomu, kutoa picha na kutia saini. Mambo yalibadilika mkopo ulipohamia kwenye simu. Nchini Kenya huduma ya M-Shwari ilianza mwaka 2012, na hapa Tanzania M-Pawa ikafuata mwaka 2014. Tangu hapo mkopo mdogo unaweza kutoka bila mkopeshaji kumwona mkopaji. Kinachotazamwa ni laini ya simu, namba ya kitambulisho na kumbukumbu za miamala. Anayevipata hivyo anaweza kukopa kwa jina la mwenzake.

Somo la wiki hii linaeleza nini cha kufanya pindi deni la namna hiyo linapojitokeza. Msingi wake ni mmoja: anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Huo ndio utaratibu wa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Lakini msingi huo humsaidia yule aliyekanusha mapema na kwa maandishi. Anayekaa kimya, au anayelipa kidogo ili kuondoa usumbufu, hujiharibia kesi yake mwenyewe.

Milango ambayo deni hupitia

Mlango wa kwanza ni usajili wa laini. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Nia ilikuwa kuzuia utapeli, lakini wajanja walipata upenyo. Mteja huambiwa na wakala asiye mwaminifu kwamba alama haikusoma, aweke kidole tena, kumbe mara ya pili inasajiliwa laini nyingine ambayo hatapewa. Laini hiyo huuzwa mitaani na madeni yake huandikwa kwa jina la mwenye kidole.

Mlango wa pili ni namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hii ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeipata namba anapata pia tarehe ya kuzaliwa, ambayo mara nyingi ndiyo swali la kwanza la kumtambua mteja. Hata hivyo nakala za kitambulisho huachwa kila mahali: kwa wakala, stationeri, kwa dalali wa nyumba na kwenye fomu za vikundi.

Mlango wa tatu ni vikundi na ofisi. Kiongozi wa kikundi anaweza kuandikisha mkopo kwa majina ya wanachama wasiojua, na afisa mikopo asiye mwaminifu anaweza kutumia faili la mteja wa zamani. Kwa mtumishi wa umma hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa makato hutoka kwenye mshahara kabla haujamfikia.

Mlango wa nne ndio unaosemwa kidogo kuliko yote, nao ni watu wa nyumbani. Mtoto, mwenzi, mdogo au mpwa anayeijua namba ya siri hahitaji utaalamu wowote.

Tenganisha kwanza aina za madeni

Kabla ya kuchukua hatua, mhusika aelewe deni lake ni la aina gani, maana madeni matatu hufanana kwa sura.

Deni la kwanza ni la kughushi: mtu hakuomba, hakusaini wala hakupokea fedha. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba hutokana na ridhaa ya hiari ya pande zote. Saini ya kughushi haina ridhaa, kwa hiyo haimfungi mwenye jina.

Deni la pili ni la udhamini. Aliyetia saini kumdhamini rafiki kisha rafiki akatoroka hajaibiwa jina. Anadaiwa kihalali, na kukanusha hakutamsaidia. Njia yake ni kuzungumza na mkopeshaji juu ya masharti na kumdai aliyemdhamini.

Deni la tatu ni la aliyempa mwingine laini, kadi au namba ya siri kwa hiari. Hili ni gumu, kwa kuwa masharti ya mabenki na kampuni za simu humtaka mteja aitunze siri hiyo mwenyewe. Anaweza kusikilizwa, lakini asitegemee wepesi anaoupata mtu wa kundi la kwanza.

Hatua ya kwanza: usilipe

Watu wengi hushawishika kulipa rejesho moja ili simu za wadai zikome. Chukua mfano wa mkopo wa Sh. 3,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio, na kulipwa kwa miezi 24. Kila mwezi rejesho ni karibu Sh. 150,000, na hadi mwisho zitakuwa zimelipwa karibu Sh. 3,600,000. Kwa mwenye genge au duka la rejareja huo ni mtaji mzima, unaolipwa kwa fedha ambazo hakuziona.

Hasara haiishii hapo. Rejesho moja huonekana kama kukiri deni. Aidha, chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 89, kulipa sehemu ya deni au kulikiri kwa maandishi huweza kuanzisha upya muda wa mdai kwenda mahakamani. Kwa sababu hiyo mhusika asilipe, asisaini karatasi ya kupanga upya mkopo, wala asiandike ujumbe wa simu wa kuomba muda. Neno "nitalipa" likishatumwa haliwezi kurudishwa.

Kwa mtumishi anayekatwa mshahara, hatua hii hugeuka kuwa kumwandikia mwajiri mara makato yanapoonekana kwenye hati ya mshahara. Aombe makato yasitishwe na aonyeshwe fomu iliyoyaruhusu. Akiacha miezi sita ipite, ataulizwa kwa nini alinyamaza.

Hatua ya pili: jua ukubwa wa tatizo

Aliyetumia jina mara moja huenda amelitumia zaidi. Kwa upande wa simu, bonyeza *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba usiyoitambua ipelekwe kwenye duka la kampuni husika ifungwe, na uombe uthibitisho wa maandishi.

Kwa upande wa mikopo, Benki Kuu inaendesha kanzidata ya taarifa za wakopaji chini ya kanuni za mwaka 2012, na zipo kampuni zenye leseni ya kutoa taarifa hizo, zikiwamo Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Mtu ana haki ya kuomba taarifa yake mwenyewe. Humo ataona mkopeshaji, kiasi, tarehe na hali ya malipo ya kila mkopo ulioripotiwa kwa jina lake. Bila karatasi hiyo mhusika hupigana na deni moja huku mengine yakizaa riba.

Hatua ya tatu: polisi na kiapo

Toa taarifa kituo cha polisi na upate namba ya RB. Kughushi na kujifanya mtu mwingine ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na yakifanywa kwa simu au kompyuta huangukia pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kisha nenda kwa wakili au kamishna wa viapo uandike hati ya kiapo ukieleza ulivyogundua deni na kwamba si lako.

Hatua ya nne: barua kwa mkopeshaji

Malalamiko ya mdomo kwenye dirisha la benki hayaachi kumbukumbu. Barua ndiyo silaha, nayo haihitaji kuwa ndefu. Mfano wake ni huu:

Meneja wa Tawi,
Benki ya ............,
S.L.P. ............

YAH: KUKANUSHA MKOPO NAMBA ............

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe ............ nimebaini kuwa jina langu limeandikwa kwenye mkopo wa Sh. ............ Sikuomba mkopo huo, sikusaini mkataba wake na sikupokea fedha zake. Naomba nakala ya fomu ya maombi, mkataba, kitambulisho kilichotumika, na taarifa inayoonyesha fedha ziliingizwa kwenye akaunti au namba ipi ya simu. Naomba pia madai yasitishwe wakati wa uchunguzi, na taarifa iliyopelekwa kwenye kumbukumbu za wakopaji isahihishwe. Naambatisha nakala ya RB na kiapo.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo. Zingatia maneno matatu: sikuomba, sikusaini, sikupokea. Kama mojawapo si kweli, lisiandikwe, kwani kiapo cha uongo nacho ni kosa.

Ombi la kuonyeshwa fedha zilikoingia ndilo lenye uzito kuliko yote. Saini inaweza kubishaniwa, lakini fedha huacha njia. Zikionekana kuingia kwenye akaunti au namba isiyo ya mhusika, mkopeshaji ana kazi kubwa ya kueleza. Haki ya kupata taarifa zako na kudai zisahihishwe imo pia katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Hatua ya tano: kupanda ngazi

Mkopeshaji asipojibu au akikataa, malalamiko yapelekwe Benki Kuu kwenye dawati la malalamiko ya wateja, pamoja na nakala za barua zote. Benki Kuu hutaka kwanza kuona kwamba mlalamikaji alianzia kwa mkopeshaji, na hapo ndipo muhuri wa kupokelewa huonyesha thamani yake. Kwa matumizi mabaya ya taarifa binafsi ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mahakama ni ngazi ya mwisho.

Wakopeshaji wa programu za simu

Kundi hili linahitaji tahadhari ya pekee. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni wala idhini. Mtindo wa baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo ni kuchukua majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia watu hao ujumbe wa vitisho. Ifahamike kwamba kuwa kwenye orodha ya namba za mtu hakumfanyi mtu kuwa mdhamini wake. Anayepata ujumbe huo auhifadhi, asijibizane, asilipe, na autolee taarifa. Ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa pia kwenda namba 15040.

Mkopaji akiwa ndugu

Hapa ndipo wengi hukwama. Mhusika anagundua kwamba aliyekopa ni mdogo wake, na wazee wanamwomba asiende polisi. Uamuzi ni wa familia, lakini gharama zake zijulikane. Kulipa kimya kimya maana yake ni kulikubali deni. Kuapa kwamba humjui aliyekopa, wakati unamjua, ni kiapo cha uongo. Njia iliyo salama zaidi kwa wanaotaka suluhu ni kumpeleka ndugu huyo kwa mkopeshaji akiri kwa maandishi na aombe deni lihamishiwe kwake, na mhusika asisaini chochote zaidi ya kukanusha. Mkopeshaji hawajibiki kukubali. Akikataa, yabaki mawili: RB au deni, na mwenye jina achague akijua kwamba kumbukumbu za wakopaji hazitambui undugu.

Kinga

Angalia *106# mara kwa mara, hasa baada ya kusajili laini. Kwa wakala usiweke kidole mara ya pili kabla ya kuona kilichoandikwa kwenye kifaa chake. Nakala ya kitambulisho iandikwe juu yake tarehe na kazi iliyoombewa, ili isitumike kwingine. Simu yako ikikosa mtandao ghafla kwa saa kadhaa wakati za wengine zinafanya kazi, nenda dukani haraka, huenda laini imehamishiwa kwa mtu mwingine. Omba taarifa yako ya mikopo walau mara moja kwa mwaka, na kabla ya msimu wa kuomba mkopo wa biashara.

Deni likishafutwa, kazi bado haijaisha. Omba barua ya mkopeshaji inayosema hudaiwi, kisha omba upya taarifa ya mikopo uhakikishe limeondolewa. Barua hiyo, RB, kiapo na nakala zenye muhuri zihifadhiwe kwenye faili moja, kwa sababu benki ya pili inaweza kuuliza swali lile lile.