Mtazamaji Ana Simu Mkononi: Ninavyoandika Mazungumzo ya Tamthilia

Ombi ninaloletewa zaidi na watayarishaji siku hizi ni hili: mhusika aseme kila kitu, kwa sababu watu wanaangalia huku wanachati. Si letu peke yetu. Mwishoni mwa 2024 Will Tavlin aliandika katika jarida la Marekani la n+1 kwamba waandishi kadhaa waliofanya kazi na Netflix walipewa maelekezo kama hayo: mhusika atangaze anachofanya, ili aliyewasha filamu huku akishughulika na mengine asipotee njia.

Kuhusu mtazamaji, wanasema kweli. Tamthilia ya jioni huangaliwa na mtu anayekuna nazi, anayemsimamia mtoto kazi za shule, anayejibu meseji. Dawa yao ndiyo siikubali. Mhusika akisema, "Sasa naondoka kwenda hospitali kumwona mama yangu anayeumwa," aliyeinamia simu hana haja ya kuinua kichwa. Tumeshamhakikishia kwamba hakuna kitakachompita.

Kanuni yangu ni kwamba tukio linaweza kusikika, lakini hisia isitajwe. Chukua mume anayegundua kuwa mkewe ametoa ada ya mtoto akampa kaka yake. Mswada wa haraka utamwandikia: "Nimekasirika kwa sababu ulichukua ada ya Hamisi ukampa kaka yako bila kuniambia." Mimi naandika hivi:

— Shemeji kafika salama?
— Kafika.
— Na ada ya Hamisi, imefika naye?

Halafu kimya. Aliye jikoni, hata kama hakuona uso wa mtu, amepata fedha, amepata mtoto, amemjua aliyepewa, na ghadhabu ameisikia bila kuambiwa kwamba ipo. Swali lililokosa jibu ndilo litakalomtoa kwenye simu, maana anataka kujua mke anafanya nini.

Tazama kazi iliyofanywa na "shemeji" hapo. Mwandishi wa Kiswahili ana utajiri huu wa majina ya kuitana mdomoni mwa kila mhusika, na inaniuma kuona haujatumiwa. Wifi, mkwe, somo, Mama Hamisi: ukiyaweka panapostahili, hutahitaji ile sentensi mbovu ya "kama unavyojua, mimi ni dada wa mumeo". Salamu nazo zina uzito wake. Kijana akitoa shikamoo na marahaba isirudi, nyumba nzima imesikia kwamba kuna ugomvi, hata aliyegeuzia runinga mgongo.

Kurudia pia si dhambi. Irna Phillips alilijua hilo tangu 1930, alipoanza kuandika tamthilia ya Painted Dreams kwa redio ya WGN ya Chicago, akiwalenga wanawake waliosikiliza huku mikono ikiwa kazini. The Guiding Light aliyoiasisi ilianza redioni 1937, ikaingia kwenye runinga 1952, ikadumu hadi 2009. Katika tamthilia za aina hiyo habari ileile husimuliwa mara nyingi, lakini kila mara inamfikia mtu mpya ambaye itamuumiza kwa namna yake. Kwa hiyo nikitaka kurudia habari ya ada, namtafuta asiyepaswa kuijua: bibi mzaa baba, kwa mfano. Aliyepitwa ataipata, na aliyekuwa makini atapata ugomvi mpya.

Kwa upande wa hisia, rejea yangu ni filamu ya The Godfather ya 1972. Mwongozaji wake, Francis Ford Coppola, alitaka onyesho la upendo kati ya Vito Corleone na mwanawe Michael, akamwomba Robert Towne aliandike. Wako bustanini. Mzee anarudia onyo kuhusu hasimu wao Barzini, anauliza habari za familia, anasema siku hizi anakunywa mvinyo zaidi. Hakuna anayemwambia mwenzake kwamba anampenda, na upendo umejaa pale. Coppola alipopokea Oscar ya mswada wa filamu hiyo mwaka 1973, alimshukuru Towne jukwaani.

Kabla sijakabidhi mswada, nawaomba rafiki wausome kwa sauti, nawarekodi kwa simu, kisha naicheza rekodi huku nikiosha vyombo. Nikipotea mahali, siongezi maelezo. Kwanza natafuta jina la kuitana, kisha swali, kisha mlio: kufuli, breki, sufuria iliyowekwa kwa nguvu. Maelezo huja mwisho kabisa, na mara nyingi hayafiki.

Mtayarishaji akishikilia kwamba jambo fulani lazima litamkwe wazi, sigombani naye. Namtafutia mwenye sababu ya kulitamka: mtoto asiyejua siri, jirani anayechokonoa, mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi na kukuta begi mlangoni.