Kioo Chenye Ukungu: Somo la Kutumia Hewa ya Gari Wakati wa Mvua



Mvua huleta neema mashambani na hatari barabarani. Kati ya Agosti na Oktoba, West Nile hupata mvua kubwa, na barabara itokayo Vurra, ikapita Arua, Maracha na Koboko hadi Oraba, haipungukiwi na watu. Humo hupita malori ya mizigo, magari ya abiria, bodaboda, baiskeli, ng'ombe, na watoto wanaorudi kutoka shuleni kwa miguu. Barabara hiyo ya lami ina urefu wa kilomita zipatazo 90, na lami humshawishi dereva kuongeza mwendo. Dereva ambaye kioo chake kimeziba kwa ukungu huwa anaendesha kwa kubahatisha, na anayelipa gharama ya kubahatisha huko mara nyingi ni yule atembeaye kwa miguu.

Katika somo hili tunaeleza kwa nini ukungu hushika vioo, na jinsi ya kuuondoa kwa vifaa ambavyo tayari vimo ndani ya gari.

Ukungu hutoka wapi

Tazama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji ikawekwa mezani. Baada ya muda mfupi hulowa kwa nje, ingawa haikuvuja. Hewa yenye unyevu imegusa chupa baridi, na unyevu ule umegeuka kuwa matone. Kioo cha gari hupatwa na jambo hilohilo. Mji wa Arua uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya usiku hukipoza kioo upesi. Ndani ya gari abiria wanapumua, nguo zao zimelowa, na madirisha yamefungwa ili mvua isiingie. Unyevu hauna pa kutokea, nao hutua kwenye kioo.

Kadiri abiria wanavyozidi, ndivyo unyevu unavyozidi. Gari lililojazwa kupita kiasi hupoteza breki nzuri na macho ya dereva kwa wakati mmoja.

Kutokana na maelezo hayo, dawa ya ukungu ni mbili zinazokwenda pamoja: kuikausha hewa na kukipasha kioo joto.

Kuzijua alama

Magari mengi yanayotumika kwetu yalitumika Japani kwanza, nchi yenye baridi kali na theluji. Huenda maandishi yake hayasomeki kwa wengi wetu, lakini alama zinafanana karibu kila gari:

Kioo cha umbo la kipepeo cha mkono, chenye mishale mitatu ya mawimbi inayopanda, ni alama ya kuondoa ukungu kioo cha mbele. Umbo la mstatili lenye mishale kama hiyo ni la kioo cha nyuma. Picha ya gari yenye mshale unaozunguka ndani yake maana yake ni kwamba hewa ya ndani inazungushwa tena na tena. Picha ya gari yenye mshale unaoingia kutoka nje maana yake ni kwamba hewa mpya inaingia. Herufi A/C ni za kiyoyozi.

Kitufe cha AUTO huliachia gari lenyewe kazi ya kupima joto la ndani na la nje, kisha kuchagua nguvu ya feni na njia ya hewa ili kufikia nyuzi ulizochagua. Hata hivyo, kifaa hicho hutafuta kwanza joto linalowafaa abiria. Ukungu ukikushinda, usikingojee. Bonyeza wewe kitufe cha kioo cha mbele.

Hatua za kufuata

1. Ikiwa huoni vizuri, punguza mwendo, washa taa ya ishara, uegeshe kando mahali salama na kuwasha taa za tahadhari. Usirekebishe vitufe huku gari likikimbia.

2. Bonyeza kitufe cha kioo cha mbele. Katika magari mengi kitufe hiki huelekeza hewa yote kwenye kioo, huwasha kiyoyozi na kufungua hewa ya nje.

3. Hakikisha taa ya A/C inawaka. Wengi hudhani kiyoyozi ni cha siku za jua tu. Kiyoyozi huipoza hewa hadi unyevu wake udondoke kama maji. Ndiyo maana gari hudondosha maji chini yake. Hewa iliyokauka hupashwa joto baadaye, kisha hupulizwa kwenye kioo.

4. Weka joto kati ya nyuzi 22 na 25, na feni kwa nguvu. Joto hilo hutoka kwenye maji yanayopoza injini. Basi gari lililowashwa sasa hivi litahitaji dakika chache.

5. Ondoa mzunguko wa hewa ya ndani. Dereva aliyefunga hewa ya nje kwa sababu ya vumbi la kiangazi husahau kuifungua mvua inapoanza, na hapo huwa amefungia unyevu wote ndani.

6. Kioo kikisafika, rudisha AUTO na uache A/C ikiwaka.

Ikiwa gari lako halina kiyoyozi kinachofanya kazi, elekeza hewa ya joto kwenye kioo na ufungue madirisha mawili kidogo, ili unyevu upate njia.

Makosa tunayopaswa kuyaacha

La kwanza ni kufuta kioo kwa kiganja huku ukiendesha. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari huenda mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu za kufuta ni zaidi ya mita 65 bila kuangalia barabara vizuri. Tena, mafuta ya mkono huacha uchafu unaozidisha mng'ao wa taa za gari linalokuja.

La pili ni kutotambua ukungu wa nje. Jioni yenye joto na unyevu, hewa baridi ikipulizwa kwenye kioo, ukungu hushika upande wa nje. Huo huondolewa kwa wipa na kwa kuelekeza hewa baridi mbali na kioo.

La tatu ni kupuuza dalili. Ukungu usioisha, wenye harufu tamu na utando wa mafuta kwenye kioo, huonyesha kwamba maji ya kupozea injini yanavuja ndani ya kifaa cha joto. Mwone fundi.

La nne, lenye kuua, ni kulala ndani ya gari lililofungwa huku injini ikiunguruma ili kupata joto. Moshi wa injini una sumu isiyo na rangi wala harufu.

Kwa wanaovuka mpaka

Uganda tunaendesha upande wa kushoto. Ukivuka Vurra kuingia Kongo, au Oraba kuingia Sudan Kusini, unahamia kulia. Usukani wako sasa uko ukingoni mwa barabara, na ili uone gari linalokuja unahitaji kioo kizima pamoja na madirisha ya pembeni. Tundu dogo la kuchungulia halitoshi. Vilevile, unapokaribia kizuizi cha polisi usiku, punguza mwendo mapema, kwani askari aliyesimama mvuani haonekani kupitia ukungu.

Maswali ya kujipima

Je, unaweza kukigusa kitufe cha kioo cha mbele bila kukitafuta? Hewa ya gari lako sasa hivi inatoka nje au inazunguka ndani? Mara ya mwisho ulisafisha kioo kwa ndani lini?

Abiria nao wana sehemu yao. Ukiona dereva anafuta kioo kwa mkono huku gari linakwenda, mwambie kwa heshima asimame. Dakika mbili kando ya barabara hazimcheleweshi mtu kufika Koboko.